Siwema Hajafa

Enzi zetu pale Cheyo luninga ya kutazamwa na kila mtu ilikuwa moja, ya chogo, na ilikuwa ya Bi Tatu mshona nguo. Wenzangu mliokulia Tabora mnaijua sebule ya aina ile bila mimi kuwaeleza: mafuta ya cherehani, vumbi lililonyunyiziwa maji litulie, na jasho la watoto waliotoka kucheza rede juani bila kunawa. Kiingilio kilikuwa ndoo ya maji. Unapanga foleni bombani, unajitwika, unamimina kwenye pipa la Bi Tatu, ndipo unaoneshwa pa kukaa. Usiye na ndoo, utachungulia dirishani, na dirishani kulikuwa na pazia la maua ambalo ole wako uliguse.

Tulichofuata ni tamthilia iliyoitwa Kisima Kikavu. Ilioneshwa Alhamisi usiku, lakini nani angekuruhusu utoke usiku? Sisi yetu ilikuwa marudio ya Jumapili mchana, baada ya ugali, umeme ukipenda. Tulibanana mkekani tukitafuna matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo vijana wa leo ukiwapa wanauliza kama ni vya kuku. Umeme ukikatika katikati, watu wazima walimshukuru Mungu kwa kutuepusha na majinamizi. Sisi tulilia machozi kabisa.

Na mambo yalikuwemo. Kulikuwa na shangazi mmoja aliyechukua watu msukule: unaugua, unakufa, unazikwa, ndugu wanalia, kumbe uko shambani kwake unalima usiku na ulimi umekatwa. Kulikuwa na mganga aliyeuawa na radi, akarudi baada ya mfungo bila maelezo yoyote, tena na ndevu mpya. Hatukujali. Tuliyemjali ni Siwema. Siwema alikuwa binti wa rika letu. Akafa, mama yake akamwosha, wakamzika. Halafu Jumapili moja kaburi likafukuliwa, sanda ikafunuliwa, na ndani mlikuwa na shina la mgomba. Ikaishia hapo, ukapigwa muziki.

Shule nzima ikagawanyika. Wapo waliosema Siwema yu hai, kachukuliwa na shangazi, na jemadari wao alikuwa rafiki yangu Zawadi, binti wa nyumba ya pili kutoka kwetu. "Siwema hajafa," alikuwa akisema, mkono kiunoni, "mtakuja kuniambia." Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilisema ule mgomba ni kiinimacho cha kuwachanganya watu, mtoto kafa, basi. Tulibishana bombani, tukabishana tukifagia darasa, mwalimu akituchapa kwa kelele tunabishana huku tunapuliza viganja. Mwisho tukawekeana sharti: atakayeshindwa atambebea mwenzake ndoo ya Bi Tatu mpaka tumalize shule. Mama Zawadi alikuwa anapeta mchele barazani, akatusikia, akacheka. "Haya, gombaneni kwa ajili ya mtu ambaye hata hayupo," alisema.

Zawadi hakumaliza shule. Msimu wa mvua alishikwa na homa, ikampanda kichwani, na kabla wiki haijaisha alikufa. Nasema alikufa. Nimelitamka neno hilo kwa sauti maisha yangu yote, kwa sababu kuna mtu mmoja alikuwa halisikii.

Bi Tatu na Mama Zawadi walimwosha wenyewe. Wanaume wakambeba, sisi wanawake tukabaki nyumbani kama ilivyo ada ya kwetu, kwamba siku ya maziko mwanamke haendi makaburini. Aliyeingia kaburini kumpokea alikuwa Mzee Pazi, fundi bati, Mzaramo aliyekuja Tabora ujanani akawa wa hapa hapa. Naye alikuwa mtani wetu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo utani wetu ni wa tangu misafara, babu zetu walipojitwika mizigo ya watu mpaka pwani na kulala katika vijiji vyao. Msibani mtani ana kazi yake. Anawachokoza wafiwa, anamwigiza marehemu, anasema yasiyosemeka, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Ndivyo kilio kinavyopata pa kupumulia.

Basi Mzee Pazi alirudi kutoka makaburini na matope miguuni, akakaa katikati ya uwanja, akasema, "Enyi Wanyamwezi, mmenichosha bure. Nimechimba, nimezika, kumbe mle mmenifungia mgomba. Mtoto mmemficha wapi?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kile kicheko kinachouma mbavu na machozi yanatoka. Mtaa mzima uliijua Kisima Kikavu, na kila mtu alijua Zawadi ndiye aliyemtetea Siwema. Mzee alikuwa anamzika mtoto kwa mzaha wa mtoto mwenyewe, kwa mapenzi. Mama Zawadi peke yake hakucheka. Aliinua kichwa kutoka mkekani.

"Uliuona?" aliuliza.

"Kwa macho yangu haya," Mzee Pazi akajibu, maana mtani harudi nyuma katikati ya utani.

Arobaini haikusomwa nyumbani kwao. Mama Zawadi alikataa katakata. Utamsomeaje arobaini mtu anayelima usiku kwenye shamba la mtu? Bi Tatu akaenda kumkalisha chini. "Mwenzangu, tulimwosha pamoja, mikono yangu na yako." Akajibiwa, "Hata mama yake Siwema alimwosha." Bi Tatu alirudi kwake, akaifunika luninga kwa kitenge, na Jumapili zetu zikaishia pale.

Mzee Pazi naye alikwenda, kofia mkononi. Akamwambia ule ulikuwa utani, mtoto alimpokea yeye, akamlaza yeye, akamgeuza kibla yeye. Mama Zawadi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Pazi, wewe ni mtani wangu. Lini uliwahi kuniambia la kweli? Siku ile ulijisahau ukasema kweli. Leo umekumbuka kunitania." Angeapa, ingekuwa utani. Angelia, ingekuwa utani. Nilimwona akitoka pale mlangoni, mtu mzima yule, anafuta macho kwa kofia. Hakutania tena kwenye msiba wowote mpaka alipokufa.

Yaliyofuata sipendi kuyasimulia, lakini mliokuwepo mnayajua. Mama Zawadi alizunguka kwa waganga mpaka Lusu kule Nzega, na shamba lao la Ntalikwa likaishia huko. Kila jioni aliweka sahani ya ziada na komeo la mlango wa uani halikufungwa. Siku moja kwenye kituo cha treni alimng'ang'ania binti wa watu mkono, akimwita Zawadi, mpaka yule binti akapiga kelele. Na kwa kuwa kwenye tamthilia mchawi alikuwa shangazi, macho yake yakamgeukia wifi yake, shangazi wa kweli wa Zawadi, mjane aliyekuwa akiuza michembe, viazi vya kukatwa na kuanikwa, sokoni, na macho mekundu kwa moshi wa kuni. Watu wakaanza kunong'ona. Huku kwetu tunajua minong'ono ya namna hiyo inavyoishia. Yule mama alifunga virago mchana kweupe akahama, hatukumwona tena, na mimi nikamchukia Siwema kama vile alikuwa mtu.

Mume wa Mama Zawadi ndiye aliyekuwa akienda kaburini, kila Shabani, na jembe lake. Alimwita mkewe, na kila mwaka alijibiwa, "Nikazuru mgomba?" Alikwenda peke yake mpaka naye akazikwa.

Kisima Kikavu yenyewe ilikataa kufa. Ilibadilisha waigizaji, ikabadilisha kituo, ikaingia kwenye simu. Binti yangu Nasra anaitazama akiwa amelala, waya masikioni, tena anaikimbiza, eti wanaongea polepole. Na wao wanabishana. Wanatumiana vikatuni vinavyolia na kucheka, wanatukanana na watu wasiowajua, asubuhi wamesahau. Sisi ubishi tuliupigania mpaka viganja vikavimba, nao hata usingizi hawaukosi.

Mwaka huu wakaimaliza. Sehemu ya mwisho ilipotoka ilikuwa Jumapili, na Jumapili mimi na Nasra huwa tunakwenda kumfulia Mama Zawadi na kumpikia. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Akasikia sauti za tamthilia, akamwambia Nasra amwekee simu sikioni. Nilitaka kuinyang'anya. Sikuwahi. Shangazi wa kwenye tamthilia alikuwa kitandani anakata roho, anakiri kwamba ule mgomba ulikuwa kiinimacho, hakumchukua mtoto yeyote. Wakalifukua kaburi upya. Mama Zawadi alisikiliza mpaka muziki wa mwisho.

"Wamechimba mpaka chini kabisa?" alimuuliza Nasra.

"Mpaka chini, bibi."

"Na alikuwemo?"

"Alikuwemo. Siku zote alikuwemo." Nasra, mtoto wa siku hizi, akaongeza, "Mwisho mbaya. Watu wamekasirika kweli."

Mama Zawadi aliomba khanga yake ya kutokea. "Nipelekeni," alisema.

Tulikwenda kabla ya alasiri, mkono wake begani kwangu. Na pale makaburini ndipo nilipoielewa dhahama yetu. Ubao alioweka mumewe uliliwa na mchwa zamani. Mumewe hayupo, Mzee Pazi hayupo, wanaume wengine waliombeba wamekufa au wamehama, Bi Tatu na mimi tulikuwa wanawake, tulibaki nyumbani siku ile, na baadaye hatukuwahi kwenda. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. "Ni lipi?" aliniuliza, na hakukuwa na mtu katika Tabora nzima wa kumjibu. Nilimwambia ukweli kwamba sijui, na nilimwambia nikilia.

Alitembea akipapasa kwa mguu mpaka akagusa tuta fupi, la mtoto. Akakaa. "Kama siye, huyu naye ana mama yake," alisema. Tukasoma Fatiha, Nasra akiwa ameivua ile mitambo masikioni. Tulipomaliza Mama Zawadi alinishika mkono. Hakuwa analia.

"Ule ubishi wenu wa ndoo," alisema. "Umeshinda wewe, mwanangu."

Siku hizi bomba liko jikoni kwangu, nafungua tu na maji yanatoka, na Nasra hajawahi kujitwika ndoo hata siku moja. Pipa la Bi Tatu lilishatoboka. Nimekaa hapa na ushindi wangu, na aliyetakiwa kunibebea hayupo. Kama ingewezekana, ningeshindwa mimi. Ningejitwika ndoo yake kila Jumapili kutoka bombani, mpaka leo, nayo shingo iume, ilimradi nimkute mkekani, mkono kiunoni, ananiambia, "Si nilikwambia?"