Ng'ombe Wangu Wako Juu ya Paa Lake

Wanaosema biashara ilinishinda kwa uzembe, waje niwaambie walionimaliza. Ni wawili: mwenye nyumba wangu pale Ipinda, na mwenyekiti wa kijiji aliyemkingia kifua.

Enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila mtu alitaka duka. Mimi nilikuwa na ng'ombe wawili wa mahari ya kijana wangu, hao sikuwagusa. Nikapanga chumba, nikauza sabuni, mafuta ya taa na vitenge vya kutoka mpakani Kasumulu. Paa lilikuwa la nyasi zilizooza, na mvua za kwetu mnazijua. Mwenye nyumba akasema, "Mdogo wangu, ezeka mabati, tutakatana kwenye kodi." Alisema mbele ya mwenyekiti, tukala wali pamoja. Kwetu hapo mmemaliza, nani anadai karatasi baada ya kula? Nikachukua mabati kwa mkopo Kyela mjini.

Hayajapata hata kutu, mwenye nyumba akaja dukani na mkwewe, mwenyekiti nyuma yao.

"Mkwe wangu anafungua duka. Nipishe chumba."

"Na mabati?"

"Wewe ulishaona wapi mpangaji anahama na paa?"

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Nikamgeukia mwenyekiti. Akasema habari ya mabati haikumbuki, anakumbuka wali tu. Wakacheka tena. Baadaye nikamwona mke wa mwenyekiti na kitenge kipya, cha duka la yule mkwe.

Nikaenda kwa mwenye mabati, nikamwambia deni alifuate kwenye ile nyumba, ndiko mabati yaliko. Huyo sina ugomvi naye. Alinijibu, "Ndugu yangu, mimi sikuikopesha nyumba. Nilikukopesha wewe."

Ng'ombe wakaenda kulipa deni, wote wawili. Mchumba wa kijana wangu akaolewa kule Ngana na mwingine. Mwanangu hajanilaumu kwa mdomo, ila akija kunisalimia hakai.

Juzi mvua kubwa ilinikuta sokoni, watu wakakimbilia barazani pa lile duka. Yule mkwe akaniita, "Baba, ingia, utalowa!"

"Ndaga, mwanangu," nikamshukuru. "Humo nilishaingiza ng'ombe wawili, na hawajatoka."

Safari hii hakucheka mtu. Nikasimama palepale barabarani, maji yakinichuruzika mpaka ndani ya viatu, mabati yangu yakipiga kelele juu yao. Sikuondoka mpaka mvua ilipokatika. Nilitaka kila aliyejikinga pale anitazame.