Kopo la Mabaki ya Dawa

Katika jengo letu la Mchafukoge, mtu akipona hutoa. Sijui desturi hii aliianzisha nani. Tuliikuta siku tulipohamia, mke wangu na mimi, wakati bado nauza vitambaa Kariakoo. Mtu akiugua hununua dawa, na siku anapoamka homa imeshuka au koo halimuumi, huzifunga zile zilizobaki kwenye kipande cha karatasi na kuzitoa kwa nia ya shukrani, ili maradhi yasirudi. Kuzitupa ni israfu. Kuendelea kuzimeza ilhali umepona kulionekana kama uroho, kama mtu aliyeshiba anayeendelea kujipakulia wali huku watu wanasubiri nyuma yake.

Zilikuja kwetu kwa sababu mke wangu ana mkono wa kutunza vitu. Aliziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la vyombo. Zilikuwamo kapsuli za rangi mbili, vidonge vya manjano, nyeupe kubwa kama kifungo cha koti, na chupa za dawa ya unga ya watoto ambazo hazijatiwa maji. Mtu akiwa na mafua hubisha hodi. Akiwa na jipu hubisha hodi. Mke wangu humuuliza maswali mawili matatu kama anayempima nguo, kisha humhesabia vidonge kiganjani na kumwombea dua. Waislamu na Wakristo wote waliletea kopo lile na wote walichukua humo. Nami nilimshukuru Mola kwa nyumba yenye majirani wa namna ile, na bado namshukuru.

Mwaka huu, kabla ya mvua za masika, nilitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri nikaenda Feri, Magogoni, nikanunua tasi. Mke wangu anawapenda kuliko samaki wote, japo miiba ya mapezi yao ina sumu na kila mtu wa pwani anajua. Alikuwa akiwaparua huku akizungumza na jirani dirishani, mwiba ukamchoma kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alikiloweka kwenye maji ya moto, maumivu yakapungua, akaendelea na kazi. Samaki tuliwala mchana ule na walikuwa watamu.

Baadaye kidole kikavimba. Akafungua kopo lake, akameza za rangi mbili, uvimbe ukatulia. Alipoona unatulia, akafanya kama desturi ilivyo: akaacha kumeza, akafunga zilizobaki kwenye karatasi akazirudisha koponi kwa nia ya sadaka. Haukupita muda uvimbe ukarudi, safari hii na joto. Akameza tena zilezile na hazikufanya kitu. Akajaribu za manjano. Nilipomwona ananawa kwa mkono wa kushoto peke yake nikasema tunakwenda hospitali, naye hakubishana. Mke wangu asipobishana najua mambo yamezidi.

Tulichukua bajaji hadi Upanga. Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, mzaliwa wa Kilimanjaro, mwenye msalaba mwembamba shingoni. Alituamkia shikamoo, akakishika kidole kama mtu anayeshika yai, kisha akauliza bibi ametumia dawa gani. Mke wangu akamweleza habari ya kopo, tena kwa fahari kidogo. Yule binti akasikiliza hadi mwisho bila kukunja uso. Kisha akasema usaha umeanza kufuata njia ya kano kwenda kiganjani, atapasua autoe leo hiihii, atampa dawa ya kuanzia, na usaha mwingine ataupeleka maabara ili wajue ni mdudu gani na anauawa na nini. Ila alitaka tujue ukweli mapema.

“Tukikosa dawa inayomshika, bibi, itabidi kidole kiondoke ili mkono ubaki.”

Mke wangu akakitazama kidole. “Daktari, hiki ndicho ninachonyanyua kwenye tahiyatu.”

Nikadhani hapo ndipo elimu yangu inahitajika. Nikamweleza kwamba dini yetu ni nyepesi, kwamba asiye na kiungo hadaiwi kiungo, na sala yake inatimia kama ya mwenye vidole vyote. Nilisema kwa upole na kwa ushahidi, kama ninavyosema kwenye darsa.

“Najua sala itatimia,” akanijibu. “Nakitaka tu.”

Daktari akainama, nadhani alikuwa anaficha tabasamu.

Siku za kusubiri majibu zilikuwa ndefu. Alilazwa, na mimi nilikwenda kila asubuhi na chupa ya uji, nikaketi naye hadi wanitoe. Uvimbe haukupanda wala haukushuka. Nilisoma nyiradi zangu, naye alinirekebisha nilipokosea kwa usingizi. Daktari alipopata nafasi alisimama kitandani petu, na kwa kuwa nimezoea kuuliza tangu nikiwa chuoni, nilimuuliza dawa inajuaje pa kwenda.

Akasema haijui. Inasambaa mwili mzima pamoja na damu, ila inamdhuru yule mwenye kitu inachoweza kukivunja. Bakteria, akasema, ni kiumbe cha chembe moja, na amejizungushia ukuta. Kila anapokua na kujigawa lazima ajenge ukuta mpya. Dawa nyingi kati ya zile za kopo letu kazi yake ni kuwazuia mafundi wa ukuta ule. Mdudu anaendelea kukua, ukuta haujengeki, anapasuka. Chembe za mwili wa binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa inamwangusha yeye na kutuacha sisi. Zipo dawa nyingine zinazoingia ndani na kuziba pale anapotengenezea vitu vya kumlisha na kumjenga. Lakini virusi wa mafua hana ukuta huo wala hana kiwanda chake mwenyewe. Dawa hizo hazina pa kumshika.

“Kwa hiyo waliokuja kuchukua za mafua?” mke wangu akauliza.

“Walipona kwa sababu mafua yanapona, bibi.”

“Na dua.”

“Na dua,” daktari akakubali.

Nikasema ninavyofahamu mimi, mtu akimeza dawa mara nyingi mwili wake unaizoea, basi labda mwili wa mke wangu umezizoea za rangi mbili.

“Babu, mwili wa bibi hauna habari,” akasema. “Waliozoea ni wao.”

Akavuta kiti. Akasema katika kundi kubwa la wadudu hao, Mungu amewajalia tofauti kama alivyotutofautisha sisi. Dawa inapoingia, wanyonge hufa kwanza, na mgonjwa hujisikia nafuu kwa kuwa wengi wamekwisha. Hapo ndipo watu husema wamepona. Waliobaki ndio waliokuwa wagumu tangu mwanzo. Wapo wanaotoa kitu cha kuikata dawa kabla haijawafikia. Wapo wanaoisukuma nje kila ikiingia. Wapo waliobadilika pale inaposhika, ikifika haipati pa kukamata. Ukiiacha nafasi tupu, hao ndio wanaoijaza, na watoto wao wanafanana nao. Tena hugawiana ule ujuzi hata na wadudu wa jamii nyingine, kama majirani wanavyopeana chumvi. Na kila dawa inayomezwa bila sababu, kwa mafua tu, inawachagua wagumu miongoni mwa wale wanaoishi tumboni na kwenye ngozi zetu bila kutudhuru.

Mke wangu alianza kuhesabu majirani kwa vidole vya mkono wa kushoto. Kisha akasema, “Nyumba nzima wanaacha wakipata nafuu, wananiletea mimi. Na mimi nampa mwingine, chache, hata hazimtoshi. Nilidhani natoa sadaka, kumbe nawachagulia wadudu wazazi wao.”

Daktari akasema hawezi kuapa kwamba yule wa kidoleni ametoka koponi. Wadudu sugu wapo kila mahali siku hizi, hata kwa mtu asiyemeza kitu. Ila desturi kama ile inawasaidia, akasema, na hakuna haja ya kuwasaidia. Mke wangu hakujitetea, na hakulia. Aliniagiza nikifika nyumbani nilishushe kopo, lisiguswe na mtu, na nililete lote hospitali wajue pa kulipeleka, kwa sababu tukilitupa jalalani watoto watalichezea.

Nililibeba siku iliyofuata ndani ya mfuko, nikalikabidhi dirisha la dawa. Nikishuka nalo ngazi za nyumbani nilikuwa nimekutana na jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mchagga anayeuza mabomba kwa jumla pale Kariakoo, mtu wa mizaha na moyo mkubwa, ambaye kila jioni aliulizia hali ya mama. Akaona mfuko, akauliza kama nahamisha hazina. Nikamweleza kila kitu, kuta, mafundi, na waliobaki. Akashika kichwa. Akasema yeye ni mfanyabiashara na jambo hilo analielewa upesi: ukiwafukuza wateja wanyonge dukani, wanaobaki ni wale wasiotishika na bei. Sikuona kama mfano umekaa sawasawa lakini nilimwachia.

Majibu yalitoka asubuhi nyingine nikiwa na uji wangu. Daktari alikuja akitembea haraka, simu mkononi, akatuonyesha picha. Ilikuwa sahani ndogo ya kioo yenye ukungu juu yake. Ukungu ule ndio wadudu wenyewe, waliooteshwa kutokana na usaha wa mke wangu. Juu yake walikuwa wamepanga vikaratasi vya mviringo, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Karibu vyote ukungu ulikuwa umevizunguka hadi ukingoni bila hofu. Ya rangi mbili ilikuwa hivyo. Ya manjano hivyo. Ile aliyoanzishiwa, hivyohivyo. Kisha akasogeza picha. Kikaratasi kimoja, upande wa chini, kilikuwa na duara safi pande zote, jeusi na wazi, hakuna aliyethubutu kulikaribia.

“Hii hapa,” akasema.

Mke wangu akaomba aione tena. Nilisema alhamdulillah, na yule binti akasema amina kabla yangu.

Ilikuwa dawa ya sindano ya mshipa, na kwa asubuhi nyingi ilibidi aipate. Uvimbe uliposhuka na maumivu kuisha aliruhusiwa kulala nyumbani, tukawa tunarudi kwa bajaji kila siku. Hapo ndipo nilipomwona mke wangu akishindana na desturi yake mwenyewe. Kidole kimenywea, ngozi imerudi rangi, usingizi unakuja, na kila kitu ndani yake kinamwambia amepona, atoe, ashukuru, aache. Asubuhi moja ya mvua aliketi kitandani akauliza kama kweli kuna haja. Nilimjibu kwamba daktari ndiye anayesema mwisho ni lini. Akavaa baibui akatangulia ngazini. Tulikwenda hadi asubuhi ambayo yule binti alichomoa mpira wa sindano mkononi mwa mke wangu akasema imekwisha, wadudu wale hawapo, na kidole kitabaki kigumu kidogo kwenye ncha lakini kitabaki. Adhuhuri ile niliswali nyumbani pamoja naye. Sitaandika zaidi kuhusu sala ile.

Palikuwa na shida moja imebaki. Majirani walizoea kutoa wakipona, na kuwaambia wasitoe ilikuwa kama kuwaambia wasishukuru. Kwanza walikuja na karatasi zao kama zamani, mke wangu akawarudisha nazo, wengine wakaondoka wamenuna. Mama mmoja alituma salamu kwamba siku hizi tumekuwa matajiri. Mke wangu aliwaza, kisha akapita mlango hadi mlango, mkono wake ukiwa ushahidi, akawaambia sadaka haijafutwa, imesogezwa mbele. Si siku ya nafuu tena. Ni siku dozi inapokwisha. Mtu akiugua asiombe dawa kwa jirani bali daktari ampime, na siku ya kumaliza aje mwenyewe na pakiti tupu, mke wangu atampikia mkate wa kumimina, wale pamoja na yeyote aliyepo. Mwenye uwezo alete sukari au mchele kwa asiyenacho. Baadhi walicheka. Lakini mkate wake wa kumimina unajulikana hadi Jangwani.

Wiki iliyopita jirani yetu wa mabomba aliumwa jino, shavu likavimba, daktari wa meno akamtibu na kumpa vidonge. Juzi jioni alipanda ngazi akiwa mkunjufu, shavu limerudi mahali pake. Mke wangu alikuwa amepika kwa ajili ya mtoto wa ghorofa ya juu aliyemaliza dawa yake, na harufu ya iliki ilikuwa imeshuka hadi barabarani.

“Shikamoo mama. Nimekuja kushukuru.”

“Marahaba. Pakiti iko wapi?”

Akaitoa mfukoni. Vidonge vilikuwa bado vimo, mstari mzima.

“Mama, haliumi kabisa. Naweza kuvunja muwa.”

“Kavunje.”

Akanigeukia mimi, mtu wa dini, nimwombee msamaha. Nikamwambia katika jambo hili mimi si mufti. Akachomoa kimoja palepale mlangoni, akaomba maji, akakimeza akimtazama mke wangu usoni, akarudisha bilauri na kusubiri. Mke wangu akampokea bilauri, akamtakia usiku mwema. Tulimsikia akishuka ngazi akicheka peke yake, na alipofika chini akimweleza mkewe kwamba amenyimwa mkate, na mkewe akisema afadhali.