Ruta ya Chumba cha Nyuma

Mama Laini hakuumbwa kulala kitandani. Miaka thelathini alikuwa opereta wa simu katika ofisi kubwa, akiunganisha laini za watu na maneno yao, jina hilo likamganda. Sasa nyonga imevunjika, yuko chumba cha nyuma wiki ya sita. Intaneti ya sebuleni haifiki huko hata kwa dawa, na mtandao wa simu ndio usiseme.

Binti yake wa pekee yuko ng'ambo. Akipiga, baba yake hupokea sebuleni, halafu huja mlangoni: "Anakusalimu. Kazi zimembana." Basi! Nusu saa ya maongezi inazaa maneno matatu. Mama Laini alitaka kumwona mwanawe kwa macho yake. Mzee akamwambia asubiri apone. Asubiri, eti!

Siku mzee alipokwenda kunyoa, Mama Laini akamwita fundi kompyuta wa jirani. Kabatini kulikuwa na ruta ya zamani, kile kisanduku cha kurushia intaneti, inakula vumbi. Fundi akavuta waya kutoka ruta ya sebuleni mpaka kitandani, akaunganisha. Waifai ikaja, ikapotea. Ikaja, ikapotea. Fundi akakuna kichwa.

"Zinagombana, mama. Zote mbili zina anwani moja ya mtandao, na zote zinagawia simu anwani."

"Mafahali wawili zizi moja! Ofisini waliwahi kuwapa mabosi wawili namba moja ya ndani. Mmoja akapokea simu za mahaba za mwenzake, wee! Ibadilishie anwani hii kuukuu, uzime huo ugawaji. Iwe tarishi tu, kugawa imwachie mwenzake."

Fundi akacheka, akafanya vilevile. Waifai ikatulia. Mama Laini akapiga, sura ya binti ikatokea, imekonda.

"Mama? Umekubali kuongea na mimi?"

"Nilikataa lini?"

"Baba anasema tangu niachane na mume wangu hutaki hata kuniona. Kila nikiomba kurudi nyumbani, ananijibu, 'Mama yako hataki.'"

Fundi aliinama kukusanya vifaa vyake, akajifanya kiziwi. Mama Laini alikuwa analia kwa hasira, wala hakujificha.

"Rudi, mwanangu. Hata kesho, rudi."

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mzee akaja mpaka chumbani, kichwa kinang'aa.

"Kuna nini? Mbona kelele?"

Mkewe akamgeuzia simu.

"Haya, mwambie tena nilivyokataa. Safari hii nasikia."