Ubao Ndani ya Kabati la Dagaa

Fundi redio wa Ruhuwiko hagusi waya kabla hajafuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, kama padri anayetaka kushika kalisi. Ubao wa kompyuta aliotumiwa kutoka Dar, uliong'olewa kwenye mashine kubwa ya ofisi, haukuenea kwenye boksi lolote la Songea nzima. Basi akautia kwenye kabati la wavu ambamo mkewe Ida huhifadhi dagaa. "Wavu unapitisha hewa," akamweleza, kwa sauti ileile anayowapa nayo pole wenye redio zilizokufa. Ida hakupoa. "Baba watoto, isipowaka leo, kabati linarudi jikoni."

Akafuta vidole, akabonyeza swichi. Feni zikanguruma, kuku wakatawanyika uani. Jirani yao Hilda akatokea mbio na ndoo ya mahindi kichwani. "Hongereni kwa mashine! Mnakoboa, au mnasaga tu?"

Kioo cha kompyuta kando ya kabati kikawaka, maandishi meupe yakaanza kushuka. Fundi hakukitazama hata kidogo. Alimtazama mkewe, ametoa meno yote nje. Ida aliingia chumbani, akazimwaga nguo za mumewe kitandani, akarudi na sanduku tupu. "Haya, imewaka," akasema, huku akipanga dagaa ndani yake.