Spika Isiyolia Shanga

Baba yangu, Kuntai, hutengeneza spika hapa Kitengela. Alijifunza kwa kubomoa redio. Jumamosi alikuwa anamalizia spika ya kanisa la Bisil, ya ibada ya kesho yake. Kapasita, kile kifaa kinachopitisha sauti za juu kwenda kwa twita, ile spika ndogo ya sauti hizo, ilikosekana. Ilitakiwa ya maikrofaradi 4.7, na yeye alikuwa na mbili za 2.2. Akaziunganisha moja nyuma ya nyingine, akawasha wimbo wa kina mama wanaocheza wakitikisa shanga shingoni. Waliimba, lakini shanga zao hazikusikika.

"Bado," akasema.

"Baba, hizo zinafuatana kama ng'ombe njiani. Zipange kama zinakunywa maji, ubavu kwa ubavu. Hapo ndio zinajumlika kuwa 4.4, karibu ya kutosha."

"Na vile huwa huongei!"

Akazichomea upya. Shanga zikalia. Mama akatoka jikoni akitikisa zake.