Kocha Aliyeingilia Posa Yetu

Leo mpwa wangu Elia amefungua kinywa kwenye posa yake mwenyewe.

Mshenga nilikuwa mimi. Desturi inajulikana: anayeposa hukaa kimya, na binti hatoki jikoni mpaka aitwe.

Tulipofika kwa wakwe, mji wa Woodbury hapa Marekani, televisheni ilikuwa ikionyesha mpira wa Kimarekani wa vyuo. Ili kuchangamsha mazungumzo, nikasema kwamba kocha maarufu wa chuo kimojawapo kilichokuwa kikicheza anasifiwa kupita kiasi. Kila mwaka anapata vijana bora kuliko wenzake. Apewe timu dhaifu, tumwone.

"Samahani, mjomba, hapo umekosea," akasema Elia. "Hao vijana bora wanamfuata nani kama si yeye?"

Nikamkanyaga mguu. Hakunyamaza.

Ndipo Rehema, binti mwenyewe, akatoka jikoni bila kuitwa, birika mkononi.

"Wanafuata jina la chuo, Elia. Mjomba amesema kweli."

Wakabishana kwa Kiingereza mbele yetu, nasi wazee tukitazama zulia. Nikajua posa imeharibika. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

Baba yake Rehema akanigusa bega.

"Usijisumbue, mshenga. Wasikilize. Hivyo ndivyo tunavyobishana mimi na mama yake. Posa tumeipokea."

Nilikuwa bado sijaitamka.

Wazee wenzangu, nisaidieni: nifurahi, au nimkemee kijana?

Juu ya kocha msinishauri. Msimamo wangu haujabadilika, na bibi harusi yuko upande wangu.