Mama alivyofungiwa kadi ya kuazima vyungu

Wakuu, sasa. Hii sikusimuliwa, nilikuwepo. Mama yangu bado yuko hai, anayebisha aje amuulize.

Miaka ya tisini tulikaa Makongeni, baba akiwa karani wa reli. Siku moja ukumbi wa estate ukaletewa mradi: maktaba ya vyungu. Unapewa kadi, unaazima chungu kilichofinyangwa kwa mkono, baada ya wiki mbili unarudisha. Eti mwananchi wa kawaida naye aonje sanaa. Msicheke bado.

Sasa mama amekulia magharibi mwa Kenya, mboga zikipikwa kwa chungu. Tangu aje Nairobi alikuwa akilia na sufuria. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Majirani waliviweka vyao juu ya kabati la TV, kitambaa chini. Mama alichemsha uji mzito ndani ya chake, kwenye kuni nyuma ya nyumba, ili uzibe vitundu vya udongo. Kwao chungu kipya hakibandikwi bila hivyo. Kisha akapika mrenda, ile mboga ya kuteleza. Wakuu, nilikula mpaka nikaona aibu.

Chungu kikarudi ukumbini cheusi tititi.

Chairlady wa mradi, mama wa lipstick na faili, nusura azimie. Akasema mama ameharibu sanaa, akamfungia kadi mbele ya watu. Chungu kikatupwa stoo. Mama alilia njia nzima, na mimi iliniuma sana.

Mwezi uliofuata wafadhili wakaja. Wakataka kula chakula cha vyungu. Chairlady akabandika maharagwe kwenye vile visafi vya majirani, vya juu ya kabati la TV.

Cha kwanza kikapasuka. Cha pili pia. Maharagwe yakazima moto.

Ikabidi mama aitwe. Hakugomba. Alikwenda stoo, akatoa chungu chake cheusi, akapika, wageni wakaramba vidole. Mmoja akakisifu, "so authentic", na chairlady hapohapo akampa zawadi aende nacho kwao.

Mama akauliza kwa upole, "Na mimi je?"

"Wewe kadi yako imefungwa."

Nilichojifunza: ukisikia mradi wa mwananchi wa kawaida, ujue mwananchi anatakiwa jikoni tu. Chungu cha mama kiko ng'ambo, bila shaka juu ya kitambaa. Yeye mpaka leo anapikia sufuria.

Haya, nani mwingine alishafungiwa kitu chake mwenyewe? Mwageni hapa chini. Chairlady, kama umo humu, ruhusa unayo, hapa hatuulizi kadi.